Shaba iliyo ndani ya ngozi yetu

Hapa Lubumbashi ukitaja mionzi, mawazo ya watu yanakimbilia Shinkolobwe. Na ni haki yao. Mgodi ule wa karibu na Likasi ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na tangu hapo kila gunia la mawe yenye rangi isiyoeleweka likipita barabarani halikosi mtu wa kunong'ona. Sina ugomvi na woga huo. Ila kuna mionzi mingine inayoharibu DNA ya mkazi wa Katuba na wa Kamalondo kila siku ya Mungu, mchana kweupe, bila gunia wala magendo, na hiyo hatuiogopi hata kidogo. Wengine wetu tunatoa pesa mfukoni ili itufikie vizuri zaidi.

Hao wanaotoa pesa ndio walionifanya niandike. Mjadala wa kujichubua mjini kwetu umeshikwa na wahubiri na walimu wa maadili. Wanamwambia mama wa watu kwamba anakana asili yake, kwamba anataka kuwa Muzungu, kwamba Mungu hakukosea. Naye anawajibu, kwa haki kabisa, kwamba ngozi ni yake na pesa ni zake. Mjadala unaishia hapo, na kesho yake anapita tena dukani. Naona tumeingilia mlango usio wake. Mama yule anataka kufanana na nani, hilo halinihusu. Linalonihusu ni kazi ambayo ile rangi ilikuwa ikiifanya kabla hajaanza kuiondoa, na kazi hiyo haieleweki mpaka ushuke hadi ndani ya seli.

Tuanze na jua lenyewe. Katika mwanga wake kuna sehemu tusiyoiona, yenye mawimbi mafupi kuliko zambarau, nayo ndiyo urujuanimno. Wataalamu wanaugawa mafungu matatu: UVC, chini ya nanomita 280, UVB, kati ya 280 na 315, na UVA, kati ya 315 na 400. UVC inamalizwa na hewa ya juu na ozoni kabla haijatufikia. UVB nayo inapunguzwa sana, lakini kile kidogo kinachopenya kina nguvu ya kutosha. UVA inashuka karibu yote. Takriban asilimia 95 ya urujuanimno unaofika ardhini ni wa aina hiyo.

Hakuna hata fungu moja kati ya hayo ambalo mwili unalisikia kama joto. Ndipo hesabu zetu zinapoharibika. Mwezi wa Juni na Julai, asubuhi mji mzima unatembea na makoti, na mchana kwa sababu ya upepo baridi watu wanatafuta pa kuota jua, wamenyoosha miguu, wamefunga macho, raha mustarehe. "Jua si kali," wanasema. Lakini Lubumbashi iko nyuzi 11 na nusu na kidogo tu kusini mwa ikweta. Hata Juni hiyo hiyo, saa sita mchana jua letu limesimama nyuzi 55 hivi juu ya upeo. Mji uko kwenye kimo cha mita 1,200 kwa kukadiria, na kila mita 1,000 unazopanda zinaongeza urujuanimno kwa asilimia 10 au zaidi kidogo. Kisha mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Oktoba na tena katikati ya Februari, jua la adhuhuri linapita utosini kabisa. Oktoba tunalilaani kwa sababu ya joto. Februari tunalisahau kwa sababu ya mawingu ya mvua, ingawa wingu jepesi linauachia urujuanimno mwingi kupita. Anayepima jua kwa jasho lake anapima kitu kingine kabisa.

Sasa tuingie ndani. DNA ni uzi wa pande mbili ulioandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. A ya upande mmoja inashikana na T ya upande wa pili, na G na C vivyo hivyo. Chembe ya mwanga wa UVB ikiangukia mahali ambapo T mbili zimekaa jirani upande mmoja, zile T zinaacha kuangalia ng'ambo na kushikana zenyewe kwa zenyewe, kwa vifungo viwili vya kaboni. Uzi unapinda hapo. Tendo hilo linachukua muda wa pikosekunde moja hivi, yaani sehemu moja ya trilioni ya sekunde, kwa hiyo hakuna namna ya mwili kulizuia likishaanza. Kovu hilo linaitwa dimeri ya pirimidini. Lina ndugu yake, linaloitwa 6-4 kwa sababu ya namba za kaboni zinazoungana, ambalo ni adimu zaidi lakini linapinda uzi vibaya zaidi. Seli moja ya juu ya ngozi iliyoachwa wazi kwenye jua kali inaweza kupata makumi ya maelfu ya makovu ya namna hii kwa siku moja.

UVA inafanya uharibifu wa mzunguko. DNA haiinyonyi sana, lakini molekuli nyingine za seli zinainyonya na kuzaa oksijeni yenye hasira, ambayo nayo inaichafua G. Tena inazama ndani zaidi, hadi kwenye kolajeni inayoikaza ngozi. Mikunjo ya mapema inatoka huko.

Kama mambo yangeachwa hivyo, hakuna binadamu ambaye angevuka utoto akiwa na ngozi nzima. Seli inajitengeneza, na namna inavyojitengeneza ni moja ya mambo ya ajabu kabisa ambayo biolojia imeyafunua. Kwanza kovu lazima lionekane katikati ya herufi zaidi ya bilioni sita za seli moja. Kazi ya ulinzi inafanywa na protini inayoitwa XPC. Ujanja wake ni kwamba haizitafuti zile T zilizoshikana. Inapapasa upande wa pili wa uzi, inatafuta A zilizobaki bila mwenzi. Kwa makovu ya 6-4, ambayo yanapinda uzi sana, hilo linatosha. Kwa dimeri za kawaida, ambazo upindaji wake ni mdogo, XPC inahitaji msaidizi, DDB2, anayelishika kovu na kumwonyesha mahali.

Hapo linaitwa kundi zima la protini kumi linaloitwa TFIIH. Ndani yake wamo wawili wenye kazi ya kufungua uzi, XPB na XPD. XPD inatembea juu ya upande uliojeruhiwa, na inapokwama inahakikisha kwamba kweli hapo pana kovu wala haikuwa kengele ya uongo. Napenda sana hatua hii. Seli haikati uzi wake kwa kushuku tu. Inapata ushahidi mara mbili. Kisha XPA inashikilia kila mmoja mahali pake, na wakataji wawili wanakuja, XPF upande huu na XPG upande ule, wanakata kipande cha herufi 30 hivi chenye kovu katikati. Kipande kinatupwa. Kimeng'enya, yaani protini yenye kazi ya kikemia, kinasoma upande wa uzi usiojeruhiwa na kuandika upya zilizokosekana, na cha mwisho kinafunga pengo. Aziz Sancar, Mturuki aliyefanya kazi yake North Carolina, ndiye aliyeichora ramani ya ukataji huo, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich kwa kazi zao juu ya utengenezaji wa DNA.

Herufi XP katika majina hayo zinatoka kwenye ugonjwa, xeroderma pigmentosum. Mwaka 1968 James Cleaver, akifanya kazi California, aligundua kwamba seli za wagonjwa hao haziwezi kutengeneza DNA iliyopigwa na urujuanimno. Watoto wanaozaliwa nao hupata madoa usoni mapema mno, na saratani za ngozi wakiwa bado wadogo. Kwao jua la saa nne asubuhi ni adui wa kweli. Ni ugonjwa adimu, lakini ndio unaotuonyesha ngozi ya kila mmoja wetu ingekuwaje kama mafundi wale wangegoma.

Na hata wasipogoma, wanachelewa. Makovu ya 6-4 yanaondolewa ndani ya saa chache. Dimeri za T zinaburuzwa: baada ya saa 24, nusu yake inaweza kuwa bado ipo. Anayekaa juani leo anaingia juani kesho akiwa na deni la leo. Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba kulikuwa na njia fupi, tukaipoteza. Mimea, bakteria, samaki, wadudu, hata kangaruu, wana kimeng'enya kimoja, fotoliazi, kinachonyonya mwanga wa buluu na kuziachanisha zile T mbili papo hapo, bila kukata chochote. Ukoo wetu wa wanyama wanaolea mimba kwa kondo la nyuma uliipoteza zamani sana. Mwembe wa uani kwako unayo. Wewe uliyekaa chini yake huna.

Wakati mafundi wakihangaika, seli inahitaji mtu wa kusimamisha kazi zote, maana seli ikigawanyika na makovu yake inaweza kunakili vibaya. Mtu huyo ni p53. Protini hii iligunduliwa mwaka 1979, na mwaka 1992 David Lane akaiita mlinzi wa jenomu, yaani wa DNA yote ya seli. Kwa kawaida seli inaitengeneza na kuivunja muda huo huo, kiasi kwamba haipo sana. DNA ikiumia, uvunjaji unasimama, p53 inajaa, inawasha jeni ya p21, na mgawanyiko unasimama. Makovu yakizidi uwezo, p53 inaiamuru seli ijiue. Ile ngozi ya Mzungu inayobambuka siku kadhaa baada ya kwenda ziwani ina ndani yake mamilioni ya seli zilizochagua kufa kuliko kuendelea zikiwa zimeharibika.

Likishindikana hilo nalo, kosa linabaki na alama yake. Penye C jirani palipopigwa na UVB, kunakili kwa makosa huweka T. Mwaka 1991 watafiti walichungua saratani za ngozi na kukuta jeni ya p53 yenyewe imevunjwa kwa alama hiyo hiyo, hata mbili kwa pamoja, CC zikageuka TT. Jua lilikuwa limesaini.

Hapa ndipo rangi inapoingia, na ndiyo sehemu ninayotaka isomwe polepole. Mwaka 2007 timu ya Boston ilionyesha kwamba p53 hiyo hiyo, ndani ya seli za kawaida za ngozi, inawasha jeni nyingine iitwayo POMC. Protini yake inakatwa vipande. Kimoja ni homoni, alfa-MSH, inayotoka na kugonga mlango wa seli jirani inayotengeneza rangi, melanosaiti. Mlango huo unaitwa MC1R. Ndani yake ujumbe unapita hadi kwa MITF, msimamizi mkuu wa rangi, naye anaamuru melanini, yaani ile rangi yenyewe, iongezwe. Kipande kingine cha POMC ni endofini, jamaa wa afyuni, na katika panya imeonekana kwamba urujuanimno unaipandisha kiasi cha kuwafanya wapoe kama waliokula kitu. Sijui kama ndiyo siri ya watu wetu wa kuota jua la Julai, lakini nimecheka nilipoisoma.

Maana yake ni nzito. Ngozi inapozidi kuwa nyeusi baada ya jua, inatoa taarifa: DNA imeumizwa, na ulinzi umeagizwa.

Ulinzi huo unatengenezwa na kimeng'enya kimoja, tirosinazi, kinachochukua tirosini, kijenzi cha protini tunachokipata kwenye maharage na samaki, na kuianzisha safari ya kuwa melanini. Katikati ya tirosinazi, mahali kazi inapofanyika, pana atomu mbili za shaba. Ziondoe, kimeng'enya kinakufa ganzi. Watoto wanaozaliwa na hitilafu kwenye pampu ya seli inayopeleka shaba, ugonjwa wa Menkes, miongoni mwa dalili zao ni nywele zilizopauka. Katanga ilifua misalaba ya shaba na kuitumia kama pesa kabla ya Mbelgiji yeyote kufika, na tangu 1911 tanuru za mji huu zimeyeyusha shaba kwa ajili ya dunia nzima. Mwili mzima wa mtu mzima una shaba ya miligramu 100 hivi. Hakuna tajiri atakayeipakia kwenye lori la kwenda mpakani Kasumbalesa, lakini bila sehemu yake ndogo mno iliyo ndani ya ngozi, sote tungekuwa weupe kama karatasi.

Melanini ikishaiva inafungwa kwenye vifurushi, melanosomu, na melanosaiti moja inavigawa kwa mikono yake mirefu kwa seli 36 hivi zinazoizunguka. Seli inayopokea haivitawanyi ovyo. Inavipanga juu ya kiini chake, upande unaoelekea angani, kama mama wa sokoni anayeusogeza mwavuli wake kufuata jua. Idadi ya melanosaiti kwa Mzungu na kwetu ni ile ile kwa kukadiria. Tofauti iko kwenye ukubwa wa vifurushi, wingi wake, na muda vinaoishi kabla ya kumeng'enywa. Watafiti wa Marekani walipima mwaka 1979 wakakuta tabaka la juu la ngozi nyeusi linapitisha kwa wastani asilimia 7.4 ya UVB, na la ngozi nyeupe asilimia 24. Kwa UVA ni 17.5 dhidi ya 55.

Sasa geuka uangalie meza ya pomadi. Hidrokinoni inajifanya tirosini, inakiziba kimeng'enya, na ikikaa muda mrefu inaiumiza melanosaiti yenyewe. Asidi ya koji, ile ya kwenye sabuni za rangi ya machungwa, kazi yake ni kuishika shaba na kuifungia isitumike. Zebaki inaingia palipo na shaba na kuikalia nafasi yake. Klobetasoli, dawa kali ya ngozi ambayo daktari huandika kwa siku chache mahali padogo, inazima shughuli za ngozi kwa jumla na kuifanya nyembamba mpaka mishipa ionekane. Majina manne, viwanda tofauti, na mwisho wake ni mmoja: kile kiwanda kidogo chenye atomu mbili za shaba hakizalishi tena kama zamani.

Pembeni mwa soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kuna mama anayeuza vitu hivyo. Uso wake umekuwa wa rangi ya papai lililoiva, na vifundo vya vidole vyake vimebaki vyeusi, kama ilivyo kawaida kwa wanaotumia. Chupa zake amezipanga ndani ya kivuli, nyingine amezifunika kwa kitambaa. Nilipoigusa moja kuisogeza kwenye mwanga ili nisome maandishi, alinishika mkono. "Papa, usiitoe huko. Hii haipendi jua, inageuka kahawia, mteja anakataa." Anasema kweli. Hidrokinoni ikikutana na mwanga na hewa inaoza, na pomadi inabadilika rangi. Nikamuuliza yeye mwenyewe mbona amekaa nje ya kivuli. Akacheka: kivuli hakitoshi, na bidhaa ni ya pesa.

Mteja wake akitumia wiki kadhaa anakuwa mwepesi wa rangi. Kisha anakwenda shambani, au kwenye kilio, au anapanga foleni juani saa nzima. Jua linapiga seli ambazo hazina tena kofia juu ya viini vyake. Dimeri zinaongezeka, p53 inajaa, POMC inawashwa, homoni inabisha hodi kwa melanosaiti: leteni rangi. Uso unaanza kurudi kuwa mweusi, tena kwa mabaka. Mteja anarudi sokoni kulalamika, na jibu analopewa ni moja: "Jua limekurudisha, ongeza kipimo." Biashara nzima inakaa juu ya jibu hilo. Ile dalili ambayo seli inaitoa ikisema imejeruhiwa, muuzaji anaitafsiri kuwa dawa haijatosha, na mteja analipa ili kuinyamazisha kwa nguvu zaidi. Duara hilo linazunguka miaka. Ndiyo maana naona hoja ya kukana asili haina maana mbele yake. Mtu anaweza kuipenda asili yake kuliko sisi sote na bado akawa amenaswa humo.

Mwisho wa duara hilo una jina. Mwaka 1975 daktari G. H. Findlay na wenzake wa Afrika Kusini walieleza wanawake waliokuwa wametumia hidrokinoni kwa miaka, ambao mashavu yao, pale juani hasa, yaligeuka meusi ya kibuluu na yenye vipele vigumu kama mayai ya samaki. Okronosi. Haitoki kwa sabuni, na kwa dawa inatoka kwa shida mno. Afrika Kusini ilipiga marufuku hidrokinoni kwenye vipodozi mwaka 1990, Umoja wa Ulaya mwaka 2001. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa juu ya zebaki, nao uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vya kung'arisha vyenye zebaki. Chupa hazisomi mikataba, bila shaka.

Kuna pingamizi ambalo msomaji mwenye akili ameshaliandaa: saratani ya ngozi kwa watu weusi ni nadra, kwa nini kelele? Ni nadra kweli, na ile saratani ya melanosaiti inayotukuta sisi hupenda nyayo na viganja, mahali ambapo jua halihusiki. Sitamwambia mtu mwenye ngozi nyeusi isiyoguswa na pomadi akanunue mafuta ya kinga ya jua kila mwezi. Ushahidi kwamba yatamfaa ni mdogo, na pesa hiyo ina kazi nyingine nyumbani. Lakini unadra huo tunaupata kwa sababu ya ile asilimia 7.4 tu ya UVB inayopenya, na anayechubua anaipandisha kwa hiari. Mwaka 2010 madaktari wa Dakar waliandika juu ya saratani za ngozi kwa wanawake waliojichubua kwa miaka mingi. Wagonjwa wachache hawathibitishi kanuni. Wanatosha kumfanya mtu asiseme tena kwamba ni urembo tu.

Wala melanini si malaika. Mwaka 2015 watafiti wa Yale walionyesha kwamba katika melanosaiti dimeri zinaendelea kuzaliwa zaidi ya saa tatu baada ya UVA kuzimwa, gizani, na kwamba melanini yenyewe ndiyo inayobeba ile nguvu na kuitupia DNA. Melanini ya rangi nyekundu na ya manjano, waliyo nayo wenye nywele nyekundu, ndiyo mbaya zaidi kwa hilo. Ukizipima faida na hasara bado ngozi nyeusi inashinda kwa mbali. Nimelitaja kwa sababu kuna wenzetu wanaoandika kana kwamba weusi ni ngao isiyopenya kitu, na mtu akiamini hivyo ataiambia seli yake uongo.

Wako wanaoijua kazi ya melanini kuliko sisi sote, kwa kuikosa. Ualbino ulioenea zaidi Afrika unatokana na jeni ya OCA2, mara nyingi kipande cha herufi 2,700 hivi kikiwa kimekatika. Tirosinazi ipo, shaba ipo, ila ndani ya melanosomu kuna uchachu uliozidi na kimeng'enya hakifanyi kazi inavyotakiwa. Mtoto mwenye hali hiyo akiwekwa benchi la dirishani darasani, anakusanya makovu wakati wenzake wanakusanya maksi. Mafuta ya kinga kwake ni dawa. Kule Moshi, Tanzania, hospitali ya KCMC inayatengeneza yenyewe kwa jina la Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, maana ya kutoka nje ni ghali. Lubumbashi, tembea meza hadi meza: utapata njia nyingi za kuiondoa melanini kwa bei ya kila mfuko, na ukiuliza kitu cha kumkinga asiyekuwa nayo utaangaliwa kama mgeni. Serikali ikitaka kutoza kodi mahali, naipendekeza meza ya kwanza igharamie ya pili.

Marufuku pekee sina imani nayo. Mpaka wetu unapitisha vitu vizito kuliko pomadi. Ningeanza na maandishi ya Kiswahili kwenye chupa, makubwa, yanayosema ndani mna nini, na mwalimu wa biolojia anayefundisha vimeng'enya kwa mfano wa shaba, badala ya ule wa mate na mkate ambao sote tuliukariri bila kuuelewa.

Na kwa aliyekwisha kuanza, ambaye mahubiri hayamsaidii: kama pomadi yako ina klobetasoli, usiiache ghafla leo. Ngozi iliyoizoea inaweza kuwaka, kuvimba na kutoa vipele kuliko mwanzo, na wengi wanarudi kwenye chupa kwa sababu hiyo, wakidhani ngozi inadai. Inapunguzwa kidogo kidogo, kwa kuandikiwa na daktari. Hidrokinoni, asidi ya koji na zebaki zinaachwa moja kwa moja. Kofia pana na kivuli toka saa nne hadi saa tisa, kwa miezi, kwa sababu melanosaiti zinahitaji muda kuanza upya. Mabaka yatatangulia kabla rangi haijasawazika. Hapo katikati watu wa mtaani watasema mengi, na muuzaji atakuambia ana kitu kipya.